Mbabula, Mifuko na Mbegu: Wazo ni la Nani?



Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Gety, kabla hatujafika hata kwenye hesabu ya maharagi yaliyo ghalani, fundi mmoja wa chuma alisimama. Wengi mnamjua: ndiye anayetengeneza mbabula zenye udongo ndani, zile zinazokula makala kidogo. Alisema mtu mmoja aliyetoka Bunia alimwambia aache mara moja, sababu mbabula ile "iko na breve", na mwenye breve atamshitaki, pengine hata kumfunga. Akauliza: "Ni kweli? Niache kazi?" Ameshanunua mabati ya kazi ya miezi miwili, na pesa ya mabati aliikopa kwenye sanduku la koperative. Kwa hiyo swali si lake peke yake. Akiacha, deni ni letu sote.

Siku ile tulimjibu kwa kifupi kwamba asiache. Lakini mabishano hayakuisha. Wengine walisema kuiga kazi ya mtu ni wizi, hata kama ameiba kwa macho tu. Wengine wakasema wazo si shamba, haliwekwi mipaka. Mama mmoja akauliza swali zuri kuliko yote: "Kama kila mtu anaiga, juu ya nini mwingine aendelee kujisumbua kutafuta kitu kipya?" Tuliahidi kuandika somo. Ndilo hili.

Breve ni nini

Breve ni karatasi ya Leta. Ndugu zetu wa Tanzania huiita hataza. Inampa aliyevumbua kitu kipya haki ya kuwakataza wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake, kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Leta haitoi haki hiyo bure. Mvumbuzi lazima aandike namna kitu chake kinavyofanya kazi, waziwazi, kiasi kwamba fundi mwingine mwenye ujuzi akisoma aweze kukitengeneza. Maandishi hayo yanatangazwa. Miaka ikiisha, kitu ni cha watu wote. Ni mapatano: wewe tuonyeshe siri yako, sisi tutakulindia soko kwa muda.

Kuna mambo mawili ambayo yule mtu wa Bunia hakuyasema. La kwanza, kitu lazima kiwe kipya. Kama watu walikuwa wanakitengeneza zamani, au kiliandikwa mahali popote kabla ya ombi kupelekwa, breve haifai kutolewa. La pili, breve haivuki mpaka. Iliyotolewa Nairobi inatawala Kenya. Iliyotolewa Paris inatawala Ufaransa. Nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa zimejiunga katika OAPI, yenye makao Yaoundé, na nyingi zinazotumia Kiingereza ziko katika ARIPO, yenye makao Harare. Kongo yetu haimo katika hizo mbili. Hapa kuna sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda, na maombi yanapelekwa Kinshasa, kwenye wizara ya Viwanda. Kampuni ambayo haikuomba Kinshasa haina breve Kongo, hata kama inazo kumi Ulaya.

Kwa hiyo mtu akija kukutisha, usigombane naye. Mwambie kwa upole: "Baba, nionyeshe namba ya breve, na nchi iliyoitoa." Mwenye breve ya kweli ana namba, wala haoni taabu kuionyesha. Yule wa Bunia hakuwa na namba. Alikuwa na mbabula za kuuza.

Mbabula ilitoka wapi

Sasa tutazame hiyo mbabula yenyewe. Ile yenye chuma nje na udongo uliochomwa ndani, yenye kiuno katikati, ilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nishati mpya, wakati ambapo watu walikuwa wanaogopa kwamba misitu inaisha. Wakenya walikuwa wameona mbabula ya ndoo inayotumika Thailand, yenye udongo ndani. Wakaichukua, wakaibadilisha, wakaipa umbo la kufaa sufuria na ugali wao, maana mbabula ya kupikia ugali lazima isimame imara mtu anaposonga kwa nguvu. Mashirika yakafundisha mafundi. Hakuna aliyechukua breve. Mafundi wa Shauri Moyo pale Nairobi wakaanza kuigonga, kisha wengine wakawaiga, na wengine wakawaiga hao.

Matokeo yalikuwa nini? Bei ya kwanza ilikuwa juu, mashindano ya mafundi yakaishusha mpaka dola chache tu. Baada ya miaka kama kumi na tano hivi, zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nayo. Ikavuka ikaenda Uganda, Tanzania, Rwanda, Ethiopia. Ikifanywa vizuri inapunguza makala kati ya 30 na 50 kwa mia. Ndiyo hiyo aliyoiga fundi wetu. Kama kuiga mbabula hiyo ni wizi, basi mwizi wa kwanza ni Mkenya aliyeiga Thailand, na ni wizi uliookoa miti mingi.

Lakini tusiseme upande mmoja tu. Kwa sababu haikuwa na mwenyewe, hapakuwa na wa kuisimamia pia. Ku soko la Nairobi ziliingia mbabula zenye udongo mbovu unaopasuka baada ya wiki chache, na bati jembamba. Mnunuzi hakuweza kutofautisha. Na kwa miaka mingi mbabula ilibaki vilevile. Hakuna fundi wa Shauri Moyo aliyeweza kulipa maabara ili kupima moshi, sababu alijua akipata kitu bora leo, jirani anacho kesho kutwa, bila gharama yoyote.

Tangu miaka ya 2010 imekuja njia nyingine. Kampuni ya BURN, yenye kiwanda Ruiru karibu na Nairobi, inatengeneza kwa mashine mbabula iitwayo Jikokoa. Inakula makala kidogo zaidi, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya udongo. Kufika pale kulihitaji wahandisi, vipimo, mashine na pesa za watu waliotaka kurudishiwa pesa zao. Watu kama hao huuliza swali moja kabla ya kutoa dola: tukifaulu, nani atatuzuia tusiigwe? Jibu linaweza kuwa breve, linaweza kuwa jina linaloaminika, linaweza kuwa mashine ambazo fundi wa nyundo hana. Pasipo jibu lolote, pesa haiji, na mashine bora haiji pia.

Hapo ndipo yule mama aliyeuliza swali ana haki. Ulinzi wa wazo unaamsha kampuni kutafuta kitu kipya. Lakini kwa vitu vinavyolinda mazingira kuna shida moja ya pekee, na tunaomba muisome polepole. Mkinunua mbabula nzuri, faida moja ni yenu: makala kidogo, pesa inabaki nyumbani. Faida nyingine ni ya mlima ambao haukukatwa miti, ya mto usiokauka, ya mtoto wa jirani asiyevuta moshi. Nani anamlipa mvumbuzi kwa hiyo faida ya pili? Hakuna. Breve inaweza kumlazimisha mnunuzi alipe, haiwezi kuulazimisha mlima ulipe. Kwa hiyo hata sheria iwe kali namna gani, kampuni zitavumbua kidogo kuliko tunavyohitaji, na zitavumbua kwanza kwa ajili ya wenye pesa. Ndiyo maana katika mambo haya huwa kuna mkono mwingine: Leta, wafadhili, au siku hizi makampuni ya mbali yanayolipia karboni. Kule Kivu ya Kaskazini, WWF ilianza mradi wa EcoMakala mwaka 2007, wakulima wakapanda miti ya makala ili Virunga ipumue. Hakuna kampuni ambayo ingefanya hivyo kwa tamaa ya breve.

Mfuko wa uongo

Kwenye mifuko ya kuhifadhi maharagi tuko na hadithi yetu wenyewe, na si ya kujisifu.

Mnaijua mifuko ya PICS: sashe mbili za plastiki nzito, moja ndani ya nyingine, na gunia la kawaida nje. Ilitokana na kazi ya Larry Murdock na wenzake wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, waliofanya utafiti Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 juu ya kunde zilizokuwa zinaliwa na wadudu. Siri yake ni hewa. Ukifunga vizuri, wadudu waliomo wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanaacha kuzaa, wanakufa. Hakuna dawa. Wazo hilo sasa linajulikana na kila mtu, na kiwanda chochote cha plastiki kinaweza kutengeneza sashe. Kinacholindwa ni jina. PICS ni marke: kiwanda kinachotaka kuliandika kwenye gunia lazima kipatane na wenyewe na kufuata vipimo vyao.

Misimu miwili iliyopita tuliwatafutia wanakoperative wa kijiji kimoja mifuko kwa muuzaji mmoja ku soko. Bei ilikuwa nzuri, tukafurahi. Gunia lilikuwa na maandishi yanayofanana. Hatukufungua sashe kuishika. Baada ya miezi miwili na nusu mama mmoja alifungua mfuko wake wa mbegu, akamwaga kwenye lungo: unga na wadudu. Mifuko mingi kati ya ile ilikuwa hivyo. Sashe zilikuwa nyembamba kama za kubebea chumvi. Watu wale hawakukosa chakula tu, walikosa mbegu ya msimu, na walituangalia sisi, si muuzaji, sababu ni sisi tuliowaambia "mfuko huu hauna shida". Tuliwalipa mbegu, lakini tulichelewa na mvua ilikuwa imetangulia.

Tunasema hivyo ili muone kwamba marke si jambo la matajiri peke yao. Breve inamlinda mvumbuzi. Marke inamlinda pia mnunuzi, na kwa mtu asiye na maabara, jina la kweli ndilo kipimo chake. Basi kabla ya kulipa: toa sashe, ijaze hewa, ikunje mdomo, ikandamize kidogo karibu na shavu. Hewa ikikupuliza, rudisha. Fanya hivyo kwa zote mbili. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Mbegu

Hapa ndipo tunataka kukaa zaidi.

Mwaka 1994 Mmarekani mmoja wa Colorado, Larry Proctor, alinunua maharagi Mexico, yalikuwa na rangi mbalimbali. Akachagua ya manjano, akayapanda kwao misimu kadhaa, akiendelea kuchagua. Mwezi wa 4 mwaka 1999 Leta ya Marekani ikampa breve juu ya haragi hilo, aliloliita Enola. Akaanza kuwadai waliokuwa wanaingiza maharagi ya manjano kutoka Mexico: senti 6 za dola kwa kila paundi. Wakulima wa Mexico, ambao babu zao walikula haragi hilo, wakaona soko lao linafungwa. Mwezi wa 12 mwaka 2000 kituo cha CIAT cha Kolombia, ambacho kinahifadhi mbegu za maharagi za dunia, kilipinga. Katika ghala lake kulikuwa na sampuli kama 260 za maharagi ya manjano, na sita zilifanana kabisa na Enola. Kesi ilikwenda mpaka mwezi wa 7 mwaka 2009 ndipo mahakama ikamaliza: breve haifai, haragi si jipya.

Ilishinda haki, ndiyo. Lakini hesabuni: miaka kumi. Na walioshinda walishinda sababu mbegu zilikuwa zimewekwa mahali, zikiwa na jina na tarehe. Wangekuwa na maneno tu ya wazee, tusingekuwa na uhakika wa mwisho wake.

Kwa mbegu kuna haki nyingine tofauti na breve, ya aliyezalisha aina mpya ya mmea. Kenya iliingia katika chama cha kimataifa kinachosimamia haki hiyo, UPOV, mwaka 1999, Tanzania mwaka 2015. Kongo haimo. Kwa hiyo mnapopanda tena maharagi yenu, mnapompa shemeji debe moja, mnapobadilishana mashina ya mihogo, hakuna haki ya namna hiyo inayowakataza. Mkisikia siku moja kwamba kuna sheria inaandaliwa, ulizeni swali moja tu kwa wabunge wenu: mkulima mdogo ataruhusiwa kuhifadhi na kumpa jirani? Sisi tunaona swali hilo ni kubwa kwa Gety kuliko mahali pengi. Wengi wenu mlirudi kutoka kwenye ukimbizi mikono mitupu, ghala zimechomwa au zimeliwa. Msimu wa kwanza shamba halikuota kwa mbegu ya duka. Liliota kwa kopo mbili za maharagi kutoka kwa ndugu aliyebaki, au aliyekimbilia mahali penye amani akatunza. Sheria inayofanya kopo hizo mbili kuwa kosa haikuandikwa na mtu aliyewahi kukimbia.

Upande wa pili upo pia. Makampuni ya mbegu yanapenda mahindi ya hibridi kuliko maharagi, na sababu si chuki. Mahindi ya hibridi yanajilinda yenyewe: ukipanda punje za mavuno yake, kizazi cha pili kinatawanyika, mengine marefu, mengine mafupi, mavuno yanashuka. Kila msimu mtu anarudi dukani. Asili yenyewe imeandika breve. Haragi linajichavusha, linazaa mtoto anayefanana na mama. Mihogo ni shina tu, ukikata umeipata. Kampuni itauza mara moja na haitakuona tena. Ndiyo maana aina bora za maharagi na mihogo kwetu hazitoki kwenye kampuni, zinatoka kwenye utafiti wa Leta kama INERA, yenye vituo Mulungu kule Kivu ya Kusini na Nioka hapa kwetu Ituri, pamoja na vituo vya kimataifa. Utafiti huo ukikosa pesa, hakuna kampuni itakayoziba pengo. Mkipata nafasi ya kusema na viongozi, semeni hilo.

Na kama koperative inaletewa kontra ya kuzalisha mbegu, someni kabla ya kutia kidole. Tafuteni mistari miwili: nani ni mwenye mbegu inayobaki baada ya mavuno, na je, mnaweza kuipanda mwaka unaofuata. Kontra inafunga hata pale ambapo hakuna breve. Watu husahau hilo.

Vitu vyetu wenyewe

Mnavyo vitu vyenu pia. Kuna kikundi kilichopata namna ya kukausha mihogo wakati wa mvua juu ya paa la bashi lenye mwelekeo, bila uvundo. Je, mchukue breve? Tunasema ukweli: safari ya Kinshasa, ada, na mtu wa kuandika maombi zitakula zaidi ya faida. Na kitu kikishaonyeshwa ku soko, hakihesabiwi tena kuwa kipya. Lakini kumbukeni Enola. Kitu kilichoandikwa na kutangazwa, mtu mwingine hawezi kukidai kwa haki. Basi chukueni kaye moja ya koperative. Andikeni kitu ni nini, kinafanywaje, nani alikianza, tarehe. Chora picha. Watu watatu watie sahihi. Nakala moja mtuletee, tutaiweka katika gazeti hili. Ni bure, na tarehe ya gazeti ni shahidi.

Kwa jina ni tofauti, jina lina faida ya kulilipia. Ethiopia iligombana na kampuni ya Starbucks juu ya majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, mpaka wakapatana mwaka 2007, na waliokubali kuyatumia majina hayo wakatambua ni ya nani. Kahawa ya milima ya Walendu-Bindi inauzwa leo bila jina, inachanganywa njiani na nyingine. Koperative zikiungana, marke moja si ndoto. Lakini kwanza kahawa iwe safi, jina juu ya kahawa chafu linaharibu haraka zaidi.

Turudi kwa fundi wetu. Aendelee. Asiandike kwenye mbabula zake jina la kiwanda cha mtu mwingine, hilo ndilo kosa la kweli, na sheria ya 1982 inalinda marke pia. Ameamua kugonga herufi mbili za jina lake kwa msumari chini ya mlango wa majivu. Sanduku limekubali kumwongezea mwezi mmoja wa kulipa. Udongo wake bado unapasuka, tumehesabu mbili kati ya kumi, na anafikiri ni mchanga mdogo. Mwenye mbabula yake iliyopasuka asiitupe, ailete siku ya mkutano pamoja na vipande, na akumbuke alinunua mwezi gani. Tutaleta mzani na kilo mbili za makala, tupike maharagi ya sufuria moja kwenye mbabula yake na kwenye ile ya zamani, kila mtu aone kinachobaki.